Rafu ya mzazi anayesomesha nyumbani: vitabu vya kujifunza, vya kustarehe na vinavyopingana

Mzazi anayeamua kumsomesha mwanawe nyumbani huanza kwa kutafuta vitabu vya mtoto: vya hesabu, vya sarufi, vya sayansi na vya hadithi. Haupiti muda mrefu kabla hajajikuta yeye mwenyewe anasoma kuliko alivyowahi kusoma tangu alipomaliza shule, na aghalabu anasoma bila mpangilio, kitabu hiki kwa sababu rafiki amekisifu na kile kwa sababu hesabu za sehemu zimemshinda. Nchini Marekani, ambako kufikia mwaka 1993 elimu ya nyumbani ilikuwa imekubalika kisheria katika majimbo yote 50, na ambako takwimu za serikali za mwaka 2016 zilikadiria kwamba watoto wapatao milioni 1.7 walisoma kwa njia hiyo, usomaji huo wa wazazi umejenga maktaba inayojitegemea, yenye wakongwe wake, mabingwa wake na magomvi yake. Anayeikaribia kwa mara ya kwanza hupata kizunguzungu, kwa kuwa vitabu vinavyosifiwa na watu walewale hufundisha mambo yasiyopatana.

Sehemu kubwa ya mkanganyiko huo hutokana na kuchanganya kazi tatu ambazo kitabu humfanyia mzazi wa namna hii. Kuna kitabu kinachomweleza elimu ni nini na mtoto ni nani; kuna kitabu kinachomfundisha somo ambalo kesho atalifundisha; na kuna kitabu anachokisoma kwa sababu kinampendeza tu. Kazi ya kwanza ndiyo inayopigiwa kelele zaidi, ya pili ndiyo inayochosha zaidi, na ya tatu ndiyo ya kwanza kuachwa siku zinapobana. Kwa maoni yangu mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu, na la kushangaza ni kwamba baadhi ya waandishi wanaoheshimiwa zaidi katika kazi ya kwanza ndio walioitetea ile ya tatu.

Magomvi yako upande wa falsafa, basi tuanzie huko. John Holt alikuwa mwalimu katika shule binafsi za Colorado na Boston. Kitabu chake cha mwaka 1964, How Children Fail, hakikuhusu elimu ya nyumbani. Kilikuwa kumbukumbu za darasani za mwalimu anayewatazama watoto wakitumia akili zao zote kukisia mwalimu anataka jibu gani, huku swali lenyewe wameliacha kando. Miaka 3 baadaye alitoa How Children Learn, kuhusu namna watoto wadogo wanavyojifunza kabla mtu mzima hajaanza kuwafundisha. Kwa muda aliamini kwamba shule zingeweza kurekebishwa. Alipokata tamaa, mwaka 1977, alianzisha mjini Boston jarida la Growing Without Schooling, lililoendelea kuchapishwa hadi 2001, miaka 16 baada ya kifo chake, na ambalo kurasa zake nyingi zilikuwa barua za wazazi. Kwa kizazi cha kwanza cha wazazi hao barua hizo zilikuwa na uzito kuliko kitabu chochote cha nadharia, kwa sababu wakati huo mzazi angeweza kuishi mahali ambapo hakuna mtu mwingine aliyemjua anayefanya jambo hilo, na sheria ya jimbo lake haikuwa wazi kama alikuwa anatenda kosa.

Wakati huohuo Raymond na Dorothy Moore, mume na mke Waadventista Wasabato, walikuwa wametoa mwaka 1975 kitabu cha Better Late Than Early, ambacho hoja yake kuu ilikuwa kwamba masomo rasmi yanaweza kusubiri hadi mtoto afikishe miaka 8 au hata 10. Holt alipendwa zaidi na wazazi walioshuku mamlaka ya kila aina, na akina Moore walipendwa zaidi na familia za Kikristo. Hivyo makundi mawili ambayo yasingeketi meza moja katika siasa yalikuwa yanasoma ushauri unaokaribiana sana: mpe mtoto muda, usimharakishe.

Ushauri wa kundi la tatu ulikwenda njia nyingine kabisa. Mwaka 1947 mwandishi Mwingereza Dorothy Sayers alitoa mhadhara huko Oxford akipendekeza kurudiwa kwa utaratibu wa elimu wa Ulaya ya zama za kati, yaani sarufi, mantiki na balagha, kila hatua ikioanishwa na umri. Mtoto mdogo hupenda kukariri, basi na akariri. Anayeelekea kubalehe hupenda kubishana, basi na afundishwe kubishana kwa hoja. Kijana hupenda kujieleza, basi na afundishwe ufasaha. Jessie Wise, mwalimu aliyeanza kumsomesha bintiye nyumbani mwaka 1973, na binti huyo, Susan Wise Bauer, walilijengea wazo hilo nyumba kamili mwaka 1999 katika The Well-Trained Mind, mwongozo mnene wenye ratiba za kila mwaka, ambamo historia husomwa kwa mzunguko wa miaka 4 kutoka zama za kale hadi zama zetu, na mzunguko huo hurudiwa mara 3 kabla mtoto hajaenda chuo kikuu.

Mzazi atafanya nini akiwa na Holt mkono huu na Bauer mkono ule? Wengi huchukua kipande hapa na kipande pale, wakaishia na ratiba kali inayovunjwa kila Jumatano na dhamiri inayowasuta pande zote mbili. Njia iliyo wazi zaidi ya kuvitenganisha vitabu hivi ni kuuliza maswali mawili: ni nani anayechagua kitabu, na ni nani anayezungumza kikishasomwa. Kwa Holt mtoto ndiye anayechagua, na mtu mzima hazungumzi mpaka aulizwe; jaribio la kupima kama mtoto ameelewa ndilo analoliona kuwa mwanzo wa uharibifu. Kwa Bauer mzazi ndiye anayechagua, kwa utaratibu uliowekwa miaka mingi mbele, na kikishasomwa pande zote mbili hufanya kazi: mtoto anafupisha, anachambua, anaandika, na mzazi anasahihisha. Tofauti nyingi zinazojadiliwa kwa jazba, kama vile Kilatini au kukariri majedwali ya kuzidisha, ni matawi ya maswali hayo.

Kuna jibu la tatu, nalo ni la mtu mkongwe kuliko wote waliotajwa. Charlotte Mason, aliyezaliwa mwaka 1842 na kufariki 1923, alikuwa mwalimu Mwingereza asiye na mume wala mtoto. Mihadhara aliyoitoa Bradford katika msimu wa baridi wa 1885 na 1886 ndiyo iliyokuwa kitabu chake cha kwanza, Home Education, kwa ajili ya wazazi wa watoto walio chini ya miaka 9. Baadaye ukazaliwa umoja wa wazazi, likafuata jarida la Parents' Review mwaka 1890, na mwaka 1892 akafungua huko Ambleside, kaskazini mwa Uingereza, chuo cha kuwaandaa wanawake waliofundisha watoto majumbani. Katika utaratibu wake mtu mzima ndiye anayechagua kitabu, na huchagua kwa ukali sana: anakitaka kitabu hai, kilichoandikwa na mtu mmoja anayelipenda somo lake na anayejua kuandika, na anavikataa vile vilivyokusanywa na kamati au vilivyorahisishwa mpaka vikakosa ladha. Lakini kikishasomwa, mara moja tu, bila kurudia, anayezungumza ni mtoto. Anasimulia alichosikia kwa maneno yake mwenyewe, na mwalimu ananyamaza. Masomo ni mafupi, dakika 20 au pungufu kwa wadogo, kwa sababu usikivu wa namna hiyo unachosha.

Mason alikuwa karibu amesahauliwa nje ya Uingereza hadi mwaka 1984, Susan Schaeffer Macaulay alipoandika For the Children's Sake, kitabu chembamba kilichowafanya wazazi wengi wa Marekani wamtafute mwandishi wa asili. Juzuu zake 6 zilichapwa upya huko mwishoni mwa muongo huo. Siyo usomaji mwepesi: sentensi zake ni za karne ya kumi na tisa, ndefu na zenye vishazi ndani ya vishazi, na ndiyo maana wazazi wengi huzisoma kwa vikundi, sura moja kwa mwezi. Anayetaka kujaribu peke yake asianze na juzuu ya kwanza kwa sababu tu ni ya kwanza. Ya sita, iliyotoka 1925 baada ya kifo chake, ndiyo inayobeba mawazo yake yakiwa yamekomaa, na ndiyo inayoonyesha kwamba hakuwa anazungumzia watoto wa matajiri peke yao.

Jambo ambalo husahauliwa katika habari zake ni kwamba aliwapangia akina mama usomaji wao. Katika miaka ya 1890 umoja wake ulikuwa na kozi ya miaka 3 ya kusoma kwa ajili ya akina mama, pamoja na mitihani, iliyogusa dini, afya, malezi na maarifa ya viumbe. Kozi hiyo inaingia katika ile kazi ya pili niliyoitaja, ya kujifunza ili ufundishe, na hapo ndipo mzazi wa leo anapotoa jasho. Watu wengi hugundua wakiwa na miaka 35 kwamba walifaulu hesabu bila kuelewa kwa nini sehemu hugawanywa kwa kugeuzwa, au kwamba historia waliyoisoma ilikuwa orodha ya miaka. Kukaa ukurasa mmoja mbele ya mtoto kunawezekana kwa muhula mmoja. Zaidi ya hapo mzazi anahitaji kulijua somo kwa upana kuliko kitabu cha kiada.

Kwa hitaji hilo wazazi hao wamevifanya vitabu viwili kuwa vyao ingawa havikuandikwa kwa ajili yao hasa. Kimoja ni How to Read a Book cha Mortimer Adler, kilichotoka 1940 na kuandikwa upya 1972 akishirikiana na Charles Van Doren, kinachotenganisha ngazi 4 za usomaji, kuanzia kutambua maneno hadi kusoma vitabu vingi juu ya swali moja na kuvifanya vibishane. Kingine ni cha Bauer mwenyewe, The Well-Educated Mind cha mwaka 2003, ambacho kinampa mtu mzima elimu aliyoikosa kwa kupitia riwaya, tawasifu, historia, tamthilia na ushairi kwa mpangilio wa wakati. Ushauri wake wa mwanzo ni wa kawaida kabisa na ndiyo maana unatekelezeka: soma asubuhi kuliko usiku, anza na nusu saa, usijipangie kila siku ya wiki, na usifungue barua pepe kabla hujafungua kitabu. Holt naye, ambaye angeikataa ratiba hiyo kwa mtoto, alijifunza kupiga cello, ala kubwa ya nyuzi, akiwa na miaka 40 na kuandika kitabu juu ya safari hiyo mwaka 1978. Naona kitabu hicho kinawafaa wazazi kuliko vile vyake vilivyo maarufu, kwa kuwa humo ndimo anapoonekana mtu mzima akiwa mwanafunzi mbovu hadharani, na kuona hivyo ni dawa kwa mzazi anayedhani kwamba heshima yake kwa mtoto inategemea kujua kila kitu.

Kusoma kwa sauti ndiko mahali ambapo kujifunza na kustarehe hukutana bila kulazimishana. Jim Trelease, mwandishi wa habari wa Massachusetts, alijichapia kijitabu juu ya jambo hili mwaka 1979, na kilipochukuliwa na kampuni ya uchapishaji ya Penguin mwaka 1982 kikaenea nchi nzima. Hoja yake kubwa ni kwamba mtoto huelewa kwa kusikia mambo mazito kuliko anayoweza kujisomea, na pengo hilo hudumu miaka mingi, takriban hadi darasa la nane. Kwa hiyo mzazi anayeacha kumsomea mtoto siku ile anapojua herufi anaacha mapema mno. Kwa familia ya elimu ya nyumbani hoja hiyo ina faida ya ziada isiyo ya kitaaluma: watoto wa miaka 5, 8 na 12 wanaweza kuketi mkekani na kusikiliza riwaya moja, jambo ambalo haliwezekani kwa hesabu. Na msomaji naye anafaidi. Mtu aliyechoka kiasi cha kutoweza kufungua kitabu chake mwenyewe bado anaweza kumsomea mtoto sura moja, na sura hiyo, ikiwa kitabu kimechaguliwa vizuri, inamburudisha yeye pia.

Lakini haitoshi, na hili lilitambuliwa mapema. Katika toleo moja la Parents' Review la miaka ya 1890 ilitoka makala fupi iliyowataka akina mama wajistawishe kiakili, ikisimulia juu ya mwanamke mwenye hekima ambaye daima alikuwa na vitabu vitatu alivyovisoma kwa pamoja: kigumu, cha wastani na riwaya, akichukua kile ambacho nguvu za saa ile zilimruhusu. Watu hulichukulia shauri hilo kama pendekezo la starehe, ilhali ni shauri la kiufundi. Mzazi anayesomesha nyumbani hana mwisho wa siku ya kazi. Meza ya masomo ndiyo meza ya chakula. Akiwa na kitabu kimoja tu, nacho ni kigumu, ataacha kusoma jioni ya pili. Akiwa na vitatu, hata jioni mbaya ina kurasa zake, na kile kigumu kinasubiri asubuhi ya Jumamosi bila kulaumu. Hapa pia ndipo ulipo ubishi wangu na sehemu kubwa ya maandishi mapya ya fani hii: yamejaa ushauri wa kumtia moyo mama, na mama anayemaliza kitabu kimoja cha kutiwa moyo hununua kingine, mpaka kazi ya kwanza inameza nafasi ya zote. Kitabu cha kumi kuhusu jinsi ya kufundisha kwa utulivu hakileti utulivu ambao riwaya nzuri ingeleta. (Na tuseme pia kwamba karibu maandishi yote haya humzungumzia mama, kana kwamba baba hana rafu.)

Msomaji makini ataona kwamba rafu hizi zimejaa vitabu vya zamani, na sababu zake ni za kimfukoni kama zilivyo za kifalsafa. Vitabu vilivyotoka kwenye hakimiliki havina malipo. Mradi wa Gutenberg, maktaba ya kidijitali iliyoanzishwa 1971, unavitoa kwa maelfu, na tangu mwaka 2001 mtaala wa AmblesideOnline umekuwa ukizipa familia, bure, mpangilio wa vitabu unaofuata mawazo ya Mason, ambavyo vingi ni vya aina hiyo. Mzazi wa mji mdogo mwenye maktaba ya umma nzuri na intaneti anaweza kusomesha kwa gharama ndogo sana. Gharama nyingine imejificha ndani ya kurasa. Our Island Story ya H. E. Marshall, ya mwaka 1905, inayopendwa sana katika rafu hizo, inasimulia historia ya Uingereza kwa lugha tamu na kwa fahari ya himaya, na mtoto wa Afrika akiisoma atajikuta yuko upande wa waliotawaliwa bila kuulizwa chochote. Kitabu kinaweza kuwa hai na bado kikawa na macho mabaya.

Jambo hilo linatugusa, kwa sababu vitabu hivi vimeshafika kwetu. Nchini Kenya zipo familia zinazosomesha watoto nyumbani, ingawa uhalali wa kufanya hivyo umebishaniwa hadi mahakamani, kwa kuwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shuleni na ahakikishe anahudhuria. Tanzania pia elimu ya msingi ni ya lazima kisheria, na anayefikiria njia hiyo aanze kwa kusoma sheria kabla ya kusoma falsafa. Mfumo mmoja unaotumika Kenya ni ule wa Accelerated Christian Education, ulioanzia Texas mwaka 1970, ambamo mtoto hujisomea vijitabu kimoja baada ya kingine na kujisahihisha kwa majibu yaliyoandaliwa. Faida yake ni kwamba mzazi asiyejiamini anaweza kuusimamia. Hasara yake ni kwamba unaweza kumwondoa mzazi katika usomaji kabisa. Anakuwa msimamizi wa mtihani usiokwisha.

Anayemfuata Mason kwa dhati, kwa upande mwingine, atalazimika kuitupa nusu ya orodha yake, kwa kuwa mwenyewe alitaka mtoto ajue kwanza ndege, miti na watu wa mahali alipo. Kwa mzazi wa Kiswahili hiyo si kazi ya kuanzia sifuri. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 katika mwambao wa Lamu na Pate, ni wosia wa mama kwa bintiye uliowekwa katika beti ili ukaririke. Mengi ya maagizo yake kwa mke yanahitaji mjadala leo, na mjadala huo ni somo zuri kwa binti wa miaka 15 na kwa kaka yake vilevile. Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert unatimiza masharti yote ya kitabu hai: mwandishi mmoja, anayempenda anayemsimulia, mwenye lugha ya kusomwa kwa sauti.

Hata kanuni ya vitabu vitatu inawezekana bila kuvuka bahari. Kigumu kiwe Nagona ya Kezilahabi, ya mwaka 1990, ambayo haisomeki kwa usingizi wala haraka. Cha wastani kiwe huo wasifu wa Siti. Riwaya ya jioni iwe Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ambamo Bwana Msa na kiko chake wanafumbua fumbo la mauaji, na ambayo mtoto wa miaka 12 atataka naye asomewe. Nagona asipewe. Hicho ni kitabu cha mzazi, na kuna manufaa kwa mtoto kuona kwamba nyumbani kuna kitabu ambacho hakikununuliwa kwa ajili yake.